Kereng'ende wa Ginzo

Katika maisha yake yote ya pale Okuzawa, Tsuneji alimwogopa kereng'ende mmoja tu, na huyo kereng'ende hakuzidi urefu wa kidole cha kati.

Watu wengine wa bonde lile walikuwa na vitu vya maana vya kuogopa. Kulikuwa na nguruwe mwitu wa kufukua majaruba, kulikuwa na mlima unaoteremka wenyewe mvua zikizidi, na kila mwanamke alikuwa na mama mkwe wake. Tsuneji hayo hayakumsumbua. Alikuwa mchoma mkaa, mtu wa masizi mpaka kwenye kope, na dubu aliyeingia tanurini mwake mwaka mmoja alimfukuza kwa kumgongea sufuria. Dubu yule, wasemao wanasema, alirudi kesho yake kuomba radhi. Lakini mwezi wa tano ukiingia, maji ya kijito yakapata joto kidogo na chai ikachipua, Tsuneji alianza kutembea kando kando ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi. Kereng'ende alikuwa amefika.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye jiwe la kaburi.

Desturi ya Okuzawa ni hii: mume akitangulia, jina la mke huchongwa palepale ubavuni pa jina lake, wasije wakapotezana huko waendako. Jina la marehemu huachwa na weupe wa jiwe. La aliye hai hupakwa rangi nyekundu. Siku naye akifa, wekundu hukwanguliwa, na hapo jamaa wanajua amefika. Hakuna haja ya mtu kupiga mbiu. Ukipita makaburini ukakuta jina lililokuwa jekundu sasa ni jeupe, unarudi nyumbani kubadilisha nguo.

Sasa kaka yake Tsuneji, Ginzo, aliitwa vitani siku ya ishirini baada ya harusi yake. Miaka miwili baadaye karatasi ya kifo ikaja, na baada ya karatasi kikaja kisanduku cha mbao kilichofungwa kitambaa cheupe. Mama yao alikitikisa sikioni. Kikalia kama njuga. Alikuta ndani kijiwe kimoja, si kikubwa kuliko kokwa, kwa sababu kule Ginzo alikofia hawakupata cha kuokota. Mama akakizika kijiwe na kisanduku chake, akasimamisha jiwe juu ya kijiwe, na juu yake akamchonga Ginzo, na kando ya Ginzo akamchonga mkwewe Sayo kwa rangi nyekundu kuliko damu ya jogoo.

Haikupita miezi minane, mama yuleyule akawaita Tsuneji na Sayo mbele ya chungu cha uji. Akasema shamba haliwezi kukosa mwanamke, na mwanamke hawezi kukosa mwanamume, na mwanamume aliyebaki nyumbani ni mmoja. Ndiyo ikawa harusi. Nyumba nyingi za bonde lile zilifanya vivyo hivyo miaka ile, mdogo akavaa viatu vya mkubwa, na hakuna aliyecheka. Jina la Sayo halikuguswa. Mama alisema atalishughulikia baada ya mavuno, na kabla ya mavuno akafa.

Kwa hiyo Tsuneji akaishi na mke aliyeandikwa kwa mtu mwingine. Walikula pamoja, walilala pamoja, walipigana pamoja na konokono wa mpunga, lakini kila alipopanda makaburini kufagia, alikuta pale juu imeandikwa wazi kwamba siku Sayo atakapofumba macho, atakwenda kwa Ginzo. Angeweza kumwita mchonga mawe na kulimaliza siku moja. Lakini kwanza angelazimika kumwuliza Sayo, unataka kulala wapi? Na mtu akiuliza, anajibiwa. Hilo jibu ndilo alilokuwa akilikimbia miaka thelathini.

Na kereng'ende alikuwa akimkumbusha.

Nyuma ya nyumba kilipita kijito, na kijitoni palikuwa na gogo lililolala nusu majini, limeoza, laini kama mkate. Hapo ndipo Sayo alipooshea figili na majani ya mboga. Mwezi wa tano wa kwanza wa ndoa yao, Tsuneji alimkuta kereng'ende dume amekaa juu ya lile gogo: mwili wa kijani kama shaba iliyosuguliwa, mabawa ya rangi ya kutu yamesimama mgongoni kama viganja vya mtu anayeomba. Bawa la kushoto lilikuwa na pengo nchani. Ginzo alikuwa na pengo la jino, upande uleule. Tsuneji alipoinama kunywa maji, yule dume aliruka akampiga usoni. Si kumgusa tu, kumpiga. Tsuneji alianguka kijitoni kwa matako, na alipoinuka dume lilikuwa limerudi mahali pake, likifungua mabawa na kuyafunga, taratibu, kama mtu anayesema, endelea, nakusikiliza.

Mwaka uliofuata lilikuwa hapo. Na mwaka mwingine. Sayo akiinama kuosha mboga, halikumfanya kitu. Lilizunguka juu ya mikono yake, likamlinda mpaka amalize. Tsuneji akikaribia, vita.

Angekuwa mtu mwenye moyo safi angelicheka. Ila Tsuneji alikuwa na jambo lake.

Mwaka mmoja kabla ya harusi ya Ginzo, mshenga alipokwisha kupeleka maneno, Sayo alikuja kutoka ng'ambo ya mlima kuchuma chai kwenye matuta yao, ili wamwone mikono. Kuchuma chai ilikuwa kazi ya wanawake. Wanaume walibeba makapu, na Ginzo, kwa kuwa mali ilikuwa yake, alitembea juu na chini kati ya mistari amefunga mshipi wa hudhurungi, kifua mbele, akiimba vibaya. Tsuneji hakuwa na mshipi. Jeshi lilikuwa limemkataa kwa sikio moja lisilosikia, na nyumbani alikuwa mtu wa kuitwa wakati moshi umezidi. Basi akachukua kitambaa cha mama yake akajifunga mpaka puani, akavaa kofia pana ya majani kama wachumaji wengine, akajipenyeza kwenye mstari, pembeni ya Sayo.

Alichuma chai siku tatu. Ginzo alipita mara ishirini. Alimwona, akamtania, akamwita dada mwenye mgongo mpana, akauliza kama ameolewa. Wanawake walijikunja kwa kicheko ndani ya vitambaa vyao na hakuna aliyemwambia. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Sayo alichukua gao la majani yake, kiganja kimoja tele, akalitia kwenye kapu la Tsuneji. Hilo tu. Hawakugusana, hawakusema neno ambalo mtu angeweza kulirudia kwa aibu. Lakini Tsuneji alilichukua lile gao la majani kama mtu aliyechukua mbuzi wa jirani. Na Ginzo alipoitwa vitani, siku ile wote wanalia kwenye daraja na bendera za karatasi, moyo wa Tsuneji uliruka kwa furaha. Mara moja, kama samaki, kisha ukazama. Hajawahi kumwambia mtu. Aliyejua alikuwa amekaa kwenye gogo.

Mwaka wa thelathini wa ndoa yao, Sayo akaugua tumbo. Mjini walimfungua, wakatazama, wakamfunga tena, wakamrudisha na dawa za kutuliza. Alilala chumba cha mbele penye milango ya karatasi, akila uji wa mchele na tunda moja la plamu chungu lililotiwa chumvi, akipungua kama sabuni. Hapo lile swali lililokuwa mbali miaka yote likaja kukaa mkekani. Tsuneji alikuwa akimpangusa uso na huku akilisikia linapumua. Akifa kabla jina halijaondoka pale, basi. Ya Ginzo yatakuwa yamekamilika.

Mwezi wa tano mwaka huohuo akaja mpangaji. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Kuroda, mwembamba mpaka nguo zake zilitembea kabla yake, na kazi yake, alisema bila kuona haya, ilikuwa kuhesabu kereng'ende. Alitaka chumba cha juu kwa sababu ya kijito. Kutwa alisimama majini na wavu. Akimkamata mmoja anamwandika namba bawani kwa wino, anamwachia. Okuzawa nzima ilipita kumtazama. Bibi Tome, jirani wa chini, ambaye umri wake hata yeye alikuwa ameuacha njiani, alimwuliza kama mama yake anajua.

Tsuneji alikaa siku nne bila kuuliza kitu. Siku ya tano, wakila chakula cha mchana barazani, akauliza kwa nini wengine wana mabawa ya kutu na wengine mabawa ya kioo.

"Wote ni madume," Mwalimu akasema. "Wa kutu ndio wenye viwanja. Huyu ana gogo lake, yule ana jiwe lake. Majike huja kwa ajili ya gogo, mzee, si kwa ajili ya dume. Wanataka mti uliolowa watagie."

"Na wa kioo?"

"Hao hawana kitu. Wanakaa pembeni. Sasa jike naye ana mabawa ya kioo, kwa hiyo mwenye gogo akimwona mmoja wao anadhani ni binti amekuja kutembea. Anapogundua, mambo yamekwisha."

Tsuneji akashusha bakuli lake. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua, ni nani anayeshinda.

"Inategemea unahesabu vipi. Wa kutu anapata wengi kwa siku, lakini kutwa ni kupigana, anachakaa, anakufa mapema. Wa kioo anaishi zaidi. Msimu ukiisha, watoto wao karibu sawasawa."

"Sawasawa," Tsuneji akasema. Yeye hakuwa na mtoto hata mmoja, na Ginzo pia hakuacha.

"Kuna jambo jingine, ila si la kusemwa kwenye chakula."

"Chakula kimekwisha."

Mwalimu akatazama mlango wa karatasi, akashusha sauti. "Dume akimpata jike, hawi na haraka. Kwanza anafagia. Ana kitu kama kijiko chenye vinywele, anakomba cha yule aliyetangulia, ndipo anaweka chake."

"Chote anakomba?"

"Karibu chote."

"Na asipofagia?"

"Amejichosha bure. Watoto ni wa yule wa kwanza."

Ndani ya mlango Sayo alianza kukohoa, na ikawachukua muda kutambua kuwa anacheka. "Mwalimu," akasema, "nakuomba usimfundishe mume wangu habari za ufagio. Miaka thelathini hajaushika."

Mwalimu akawa mwekundu mpaka shingoni. Tsuneji hakucheka. Alikuwa amepata jibu la jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. Miaka thelathini, na hakuwahi kukomba. Alikuwa ameweka chake juu ya cha mwenzake, siku juu ya siku, uji juu ya uji, na chini kabisa kulikuwa bado kumeandikwa Ginzo.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupandikiza mpunga kwenye majaruba ya pamoja, na kila mwenye miguu alikuwa kwenye tope. Tsuneji akasema mgongo unamuuma. Akachukua nyundo na tindo ya mwashi, akazifunga kwenye gunia la mkaa, akapanda makaburini mchana kweupe, kichwa amejitanda taulo mpaka machoni.

Jiwe la Ginzo lilikuwa mwishoni, chini ya mierezi, mahali ambapo jua halifiki hata kwa bahati. Tsuneji alipiga magoti. Alitaka kulichonga jina lote litoke, pabaki shimo. Lakini alipoweka tindo, mkono ulikataa, kwa sababu jina la Ginzo lilikuwa upana wa vidole viwili tu kutoka pale na alikuwa hajui kupiga moja bila kulitikisa jingine. Akaanza na rangi. Akaikwangua kwa ncha, mstari baada ya mstari, wekundu ukimwagika magotini kama unga wa pilipili. Alikuwa amekwisha kuitoa yote, anapuliza vumbi, aliposikia mtu anakohoa kwenye mierezi na majani yanasagika. Akatia vyombo guniani akateremkia upande wa pili, mbio, akiteleza, bila hata kuangalia ni nani.

Alikuwa Bibi Tome, amekuja kuchuma majani ya porini ya kutia kwenye supu. Kwenye tope hawakumtaka tena, alikuwa akianguka. Akapita kwa Ginzo kumsalimu, kama apitavyo kwa wote, na akaona jina la Sayo jeupe.

Tsuneji hakuwa amefikiria hilo. Kichwa chake kilikuwa kimejaa ufagio. Mtu wa nje angeona jiwe limekwanguliwa rangi, akadhani mvua. Mtu wa Okuzawa aliona kifo.

Habari ilifika majarubani kabla Bibi Tome hajafika nusu ya njia, maana aliipiga kelele kutoka juu. Watu wakaacha miche ikielea. Wakaenda kunawa, wakavaa nyeusi, wanawake wakapakia mchele na mishumaa, wanaume wawili wakaja na mbao za sanduku begani. Mtawa wa hekalu akaja na kengele yake. Tsuneji alifika nyumbani kwa njia ya kijitoni, akaingia mlango wa nyuma, na kabla hajamaliza kuvua viatu uani kumejaa. Mbele wameinama, nyuma bado wanafungana mikanda.

Mlango wa karatasi ukafunguliwa. Sayo alikuwa ameketi, mto mgongoni, kijiko cha uji mkononi.

Mtawa aligonga kengele mara moja kwa bahati mbaya.

"Karibuni," Sayo akasema. Akazitazama mbao, akayatazama mavazi. "Nimechelewa kidogo kufa. Mtanisamehe."

Bibi Tome alipanda barazani na matope yake, akamshika kidole gumba cha mguu, akakibana. Kilikuwa na joto. Akasema jina limekuwa jeupe, ameliona kwa macho yake, na jana lilikuwa jekundu kama pilipili, na hakuna binadamu anayeweza kuthubutu kugusa jina la mtu aliye hai, hata mwenda wazimu hawezi. Akalisema lile ambalo wengine wote walikuwa wamelifikia na kulizunguka.

"Ginzo amekuja mwenyewe kumchukua mkewe."

Upepo haukuwako, lakini wanawake wote walishika vitambaa vyao vya kichwa. Mtawa akasema kwa sauti ndogo kwamba mambo kama hayo yamewahi kutokea, si hapa, ila yamewahi. Wakamtazama Tsuneji kwa huruma, mume ambaye mkewe anadaiwa na mwenye mali. Na Tsuneji angeweza kusema. Neno moja lingetosha. Alifungua mdomo, akaona macho arobaini, akaufunga. Akamwachia kaka yake mzigo ule, kama vile hakuwa amemtwika ya kutosha.

Walikwenda zao wakitembea kinyumenyume mpaka langoni. Mbao waliziacha, zimeegemea ukuta. Mwalimu Kuroda, ambaye alikuwa ametoka kijitoni akiwa amelowa na haelewi kitu, aliambiwa aende akatembee.

"Nipe mikono yako," Sayo akasema.

Tsuneji akampa. Sayo akaigeuza. Chini ya kucha kulikuwa na wekundu, umeingia ndani kabisa, karibu na nyama.

"Ulitaka kuniua, au kuniiba?"

"Kukuiba."

"Kwa nani?"

Tsuneji akatazama kijumba cha wafu ukutani. Hapakuwa na picha ya Ginzo pale, kibao chake cha jina tu. Picha yake moja ilikuwa imeteketea mjini kwa mpiga picha, pamoja na mpiga picha. Lakini alitazama hivyohivyo, na Sayo alifuata macho yake.

"Nikuulize," akasema. "Ginzo alikuwa na sauti gani?"

"Nzito. Akicheka ni kama anakohoa."

"Alipenda kula nini?"

"Viazi vya kuchoma. Maganda alikuwa hatupi."

"Alilala ubavu gani?"

"Wa kulia. Alikuwa anavuta blanketi lote, mimi nabaki na baridi."

"Mimi sijui hata kimoja," Sayo akasema. "Nilikaa naye siku kumi na tisa na nilikuwa naona haya kumtazama. Mwaka wa pili baada ya ile karatasi nilijaribu kumwona uso wake nikashindwa. Nikaona aibu, nikanyamaza. Halafu kila mwezi wa tano nakuona umesimama kijitoni, umekunja ngumi, unamkodolea macho yule mdudu. Nikasema, haya, angalau kuna mmoja nyumba hii anayemkumbuka."

"Nilidhani wewe..."

"Najua ulichodhani. Umemtunza miaka thelathini, umemlisha, umemnenepesha, kisha ukaniogopea mimi kwake. Mkiniweka pale chini ya mierezi nitakuwa nimelala na mgeni. Kama ni kwenda kwa Ginzo, uende wewe, mnafahamiana."

Tsuneji alikuwa na umri wa miaka hamsini na nne, na alilia kwa sauti kama mtu anayechanwa. Sayo alimwacha. Alipotulia, ndipo akaliuliza, maana sasa halikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Basi unataka kulala wapi?"

"Utakapokuwa wewe," Sayo akasema. "Ila mahali penye jua. Na uji huu umepoa."

Alikufa siku ya kumi na moja tangu hapo, mchana, Tsuneji akiwa amemshika kisigino. Watu walikuja na nguo zilezile na mbao zilezile zikatumika. Na wote wakasema Ginzo alikuwa ametuma salamu mapema ili wajiandae, mtu wa adabu. Tsuneji hakuwakanusha. Alimwita mchonga mawe, akasimamisha jiwe jipya kwenye tuta la juu la chai, penye jua tangu asubuhi, akachonga Sayo kwa weupe na Tsuneji kwa wekundu. Siku ya arobaini na tisa akaweka chungu cha mifupa ya Sayo iliyochomwa humo chini, upande wa kushoto. Watu walinong'ona kwamba amemwibia marehemu. Safari hii waliona kweli. Lakini alikuwa amempata Sayo, kwa maandishi, na alilala siku kadhaa bila kuota.

Mwezi wa tano ukarudi, na yule wa gogoni akarudi.

Mwalimu Kuroda alikuwa amemwandika namba kumi na saba mwaka uliopita, huyo mwenye pengo la bawa, na alikuwa amesema wazi kwamba hawa hawamalizi hata miezi miwili, wanakuwa chakula cha buibui. Tsuneji alijua kusoma namba. Ilikuwa kumi na saba. Wino ulikuwa umefifia kidogo, kama wino wa barua ya zamani.

Akajiweka tayari kupigwa usoni. Hakupigwa. Alisogea mpaka mkono ungeweza kufika. Dume lilikaa. Madume mengine ya kutu yakaja, machanga, yakalizunguka gogo yakilichokoza, na lenyewe likasogea pembeni kuyapisha. Halikufungua mabawa. Kesho hivyo, keshokutwa hivyo. Lilikuwa limekaa mwisho wa gogo, limemtazama, kama mtu anayekaa kituoni baada ya gari la mwisho.

Hilo lilimshinda. Kupigwa alikuwa amekuzoea. Kupigwa ni maongezi. Alikwenda makaburini akaketi chini ya mierezi mbele ya jiwe la kaka yake, na pale kando ya Ginzo palikuwa bado pamechongwa jina la mwanamke asiyekuwapo, na chini yake kijiwe, kimoja, ndani ya kisanduku. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kwamba yule alilala ubavu wa kulia. Tsuneji akifa, hata ubavu huo utakuwa umekufa.

Hakumwita mchonga mawe, wala mtawa, wala hakujifunga kitambaa. Watu walikuwa kwenye chai, wote wakimwona. Alifukua kwa jembe, akakitoa kisanduku, mbao zimelegea kama biskuti kwenye chai, akakifunga ndani ya shati lake na kutembea nacho tumbo wazi kati ya mistari ya wachumaji, kikilia njuga kwa kila hatua. Bibi Tome alimwuliza anakwenda wapi na nini. Akasema anahama, yeye na kaka yake.

Kwenye tuta la juu akafunua jiwe. Chungu cha Sayo kilikuwa kushoto. Akakiweka kisanduku cha Ginzo kulia kabisa, mpaka kikagusa ukuta. Kati yao akaacha nafasi, akaipima kwa viganja, ya kutosha chungu kimoja. Hapo ndipo atakapoingia yeye. Ginzo asiwe peke yake, na Sayo asiwe na mgeni. Kila mmoja atakuwa na anayemjua ubavuni. Alilifunga jiwe, akajipangusa jasho, akaona ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Alikuwa amefika nusu ya mteremko alipokumbuka kwamba yeye bado yu hai.

Aliishi miaka tisa zaidi. Alichoma mkaa, hakuumwa hata mafua, na Okuzawa ilimwonea wivu kwa afya yake. Hawakujua kwa nini mtu mwenye nguvu kiasi kile alipanda tuta la chai kila jioni ya Mungu, akalaza sikio lake zima juu ya jiwe, akasikiliza kwa muda, kisha akalibandika shavu na kulisukuma, kama mtu anayejaribu kujipenyeza. Kule chini wale wawili walikuwa wamelala, na katikati yao hapakuwa na mtu.